SOMO LA KUJIFUNZA: MAJANI, MAGONJWA YA VIRUSI NA IMANI YETU

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Mwanzo 1:11-13, 2 Wafalme 4:38-41, 2 Wafalme 20:1-7, Luka 10:30-35, Luka 17:11-19.

 

Katika vikundi vyetu vya maombi, tangu Katuba na Kenya mpaka Ruashi na Kampemba, kuna ulizo moja linalorudi kila mara. Mtoto akitoka vipele vya surua, au mtu akishikwa na homa na kikohozi, au ndugu akiambiwa kwamba ana virusi vya SIDA, mama mmoja anasema: tumchemshie majani. Mzee mwingine anasema: majani ni mambo ya wafumu, sisi tuombe tu. Wa tatu anasema: apelekwe hospitali. Mgonjwa analala katikati ya maneno hayo matatu, na siku zinapita. Kwa ugonjwa kama surua, siku mbili au tatu zilizopotea zinaweza kuwa maisha ya mtoto. Ndiyo sababu tumetayarisha somo hili. Lisomwe polepole, katika jamaa na katika kikundi, na maulizo ya mwisho yajibiwe pamoja.

1. JANI NI KAZI YA MUNGU, BWANGA SI KAZI YAKE

Tuanze mahali Biblia inapoanza. Siku ya tatu Mungu aliamuru udongo utoe majani na miti, naye akaona kwamba ni vizuri. Wakati ule hapakuwa na mufumu wala mchawi duniani. Basi mtu asituambie kwamba mti ni mali ya mufumu. Mufumu aliukuta mti umekwisha kusimama.

Tuangalie pia mfalme Hezekia. Aliugua karibu ya kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha nabii Isaya kwamba atapona. Na nabii huyo huyo, aliyekuwa na neno la Mungu kinywani, aliagiza waweke tini juu ya jipu la mfalme. Maombi, unabii na tunda la mti vilikuwa katika chumba kimoja, wala kimoja hakikufukuza kingine. Msamaria mwema naye aliosha vidonda vya yule mtu kwa mafuta na divai, vitu viwili vinavyotoka katika miti. Kisha hakumwacha njiani. Alimpandisha juu ya punda wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama.

Lakini tutofautishe jani na bwanga. Bwanga lina masharti: usimwambie mtu, lete kuku wa rangi fulani, funga kitu hiki kiunoni, na mwisho linakuonyesha adui, na mara nyingi adui huyo ni bibi wa shangazi au mtoto yatima. Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake Nkamba mwaka 1921, aliwaambia watu watupe sanamu na manga yao. Serikali ya wakoloni ilimfunga miaka 30, naye akafa hapa hapa mjini kwetu, wakati mji ulipoitwa Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Makanisa yote ya manabii wa Afrika yanajua mafundisho hayo. Aliyewaambia watupe manga hakuwaambia wang'oe miti. Kwa hiyo Mkristo anayekunywa maji ya mchaichai kwa sababu ya kikohozi hakurudi kwa wafumu. Ulizo letu leo ni lingine: je, maji hayo yanaweza kufanya kazi tunayoyatuma?

2. VIRUSI NI NINI?

Magonjwa hayaletwi na mikrobe ya namna moja. Malaria inaletwa na mdudu mdogo sana anayeingia katika damu kwa kuumwa na mbu. Kolera na tifoidi zinaletwa na bakteria. Surua, polio, mafua, Ebola, mpox, hepatiti B, Korona na SIDA zinaletwa na virusi. Ukijua tofauti hiyo utaelewa kwa nini dawa iliyomponya jirani haitakuponya wewe, hata kama nyote wawili mlikuwa na homa kali.

Virusi ni kitu kidogo kuliko bakteria. Hakiwezi kuzaa peke yake. Kinaingia ndani ya chembe ya mwili wetu na kuilazimisha itengeneze virusi vingine, kama mwizi anayeingia nyumbani na kumfanya mwenye nyumba awe mpishi wake. Ndiyo sababu ni vigumu kumpata dawa. Ukitupa moto ili kumchoma mwizi, utachoma nyumba pamoja naye. Ndiyo sababu pia vidonge vya antibiotiki, vile watu wanavyonunua kimoja kimoja sokoni, haviui virusi hata kimoja. Munganga akimpa antibiotiki mtoto mwenye surua, ni kwa ajili ya bakteria walioingia mapafuni au masikioni wakati mwili ulipokuwa dhaifu.

Mungu aliweka askari katika damu yetu. Askari hao wanapigana na virusi vingi na kushinda bila dawa yoyote. Mafua ya kawaida yanakwisha kwa juma moja. Na hapa ndipo wengi wanadanganyika bila kukusudia. Mtu anaugua siku ya kwanza, anakunywa majani siku ya nne, anapona siku ya saba, kisha anatoa ushuhuda wa majani. Jirani yake aliugua siku ile ile, hakunywa kitu, naye akapona siku ya saba. Huyu wa pili hakuna anayemwita atoe ushuhuda. Kwa hiyo, ili kujua kama jani linaponya, haitoshi kuhesabu waliokunywa wakapona. Lazima tuhesabu pia waliokunywa wasipone, na wale ambao hawakunywa na wakapona.

3. JE, MTI UMEKWISHA KUSHINDA VIRUSI?

Tujibu kwa haki: ndiyo, lakini mara chache, na baada ya kazi ndefu.

Kuna mmea wa Amerika ya Kaskazini unaoitwa podofilo. Kutoka mizizi yake wanatoa dawa ya kupaka juu ya sugu na vinyama vya sehemu za siri vinavyoletwa na virusi. Lakini mmea wenyewe ni sumu ukimezwa. Katika mwaka 2006 serikali ya Marekani ilikubali dawa nyingine ya kupaka, ya ugonjwa huo huo, iliyotengenezwa kutoka majani ya chai. Na dawa ya mafua makali inayoitwa oseltamivir, watengenezaji wake walianza kazi yao kwa kitu walichokitoa katika kiungo cha nyota cha nchi ya China. Lakini kiungo chenyewe si dawa hiyo. Kinapita hatua nyingi katika kiwanda mpaka kigeuke kuwa kitu kingine. Kunywa chai ya kiungo hicho si kunywa oseltamivir.

Afrika nayo ina habari yake. Katika msitu wa Korup, nchini Kameruni, wachunguzi walipata mmea wa kutambaa ambao kitu kilichomo ndani yake kilizuia virusi vya SIDA katika chupa za laboratwari. Watu walifurahi sana katika miaka ya 1990. Walipoendelea kupima kwa wanyama, waliona kwamba kiasi kinachotakiwa ili kuzuia virusi kiko karibu sana na kiasi kinacholeta sumu. Kazi ikasimama. Tukumbuke jambo hili tunaposikia kwamba jani fulani limeua virusi katika laboratwari. Hata maji ya javeli yanaua virusi katika chupa, na hakuna anayeyanywa.

Kuna wanaosema: lakini kinini imetoka mtini! Ni kweli, nasi Wakongo tunaweza kujivuna kwayo. Miti ya sinkona inalimwa Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kinatengeneza kinini kutoka maganda yake. Artemisia pia ilitoa dawa kubwa ya malaria, na mama Tu Youyou wa China alipewa zawadi ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini malaria si virusi. Tena, hata kwa malaria, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, halikubali watu wajitibu kwa chai ya artemisia, kwa sababu kikombe kimoja kina dawa nyingi na kingine kina kidogo. Dawa ikiwa kidogo, mdudu hafi bali anazoea. Na kiwanda hicho hicho cha Bukavu kilipotaka kuwasaidia wagonjwa wa SIDA mwaka 2005, hakikuchemsha maganda ya sinkona. Kilitengeneza vidonge vya kupunguza virusi.

Mungu hakufunga dawa zote katika majani. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Miaka baadaye, katika damu ya mtu mmoja aliyepona kule, profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walipata askari wa damu waliotumiwa kutengeneza dawa ya Ebola. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilipimwa pamoja kule Kivu ya Kaskazini. Moja yao, ZMapp, ilikuwa imekuzwa ndani ya mimea ya jamii ya tumbako. Mwezi wa Agosti 2019 matokeo yalionyesha kwamba ile ya damu ya Kikwit na nyingine moja zilishinda, na ile iliyokuzwa katika tumbako ilishindwa. Waliopima hawakuuliza dawa imetoka mtini au mwilini, wala kwa mzungu au kwa Mkongo. Waliuliza ni wagonjwa wangapi walibaki hai.

Nayo dawa ya kiwanda haipendelewi. Katika mwaka 2024 ilitangazwa kwamba vidonge vya tecovirimat, vilivyopimwa hapa Kongo kwa wagonjwa wa mpox, havikufanya vidonda vipone upesi zaidi. Lakini katika kazi hiyo kulikuwa na jambo la kutushangaza: waliokufa walikuwa 1,7 kwa mia, hali nchini kote wagonjwa wa mpox waliokufa walikuwa 3,6 kwa mia au zaidi. Wale waliopewa vidonge na wale wasiopewa, wote walilazwa, wakapewa maji na chakula, vidonda vyao vikaoshwa, magonjwa mengine waliyokuwa nayo yakatibiwa. Utunzaji ndio uliookoa. Na utunzaji ni kazi ambayo kila mama wa Kanisa anaweza kuisaidia.

4. MAMBO TULIYOYAONA KATIKA AFRIKA YETU

Sisi watu wa manabii tunapaswa kujifunza kwa yale yaliyotokea.

Mwaka 1987, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire, dawa ya SIDA ilitangazwa Kinshasa kwa shangwe. Iliitwa MM1, kwa heshima ya marais wawili, Mobutu na Mubarak wa Misri. Magazeti yaliandika, watu walicheza. Leo hakuna mgonjwa anayetibiwa kwa MM1. Sifa za wakubwa haziongezi nguvu ya dawa.

Mwaka 2011, nchini Tanzania, pasta mmoja mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliwapa watu kikombe cha maji ya mizizi ya mti unaoitwa mugariga, katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Alisema Mungu alimwonyesha mti huo katika ndoto. Kikombe kililipwa shilingi 500 tu, kwa hiyo hatuwezi kusema alitafuta utajiri. Watu maelfu na maelfu walikuja, magari yakapanga mstari wa kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakatolewa vitandani hospitalini ili wapelekwe. Kuna waliokufa katika mstari. Kuna wenye virusi vya SIDA walioacha vidonge vyao kwa sababu waliamini wamepona, lakini walipopimwa tena virusi vilikuwa vimebaki. Hatumhukumu pasta yule, aliyefariki mwaka 2021. Tunasema tu kwamba ndoto ya mti inahitaji kupimwa, sawasawa na unabii mwingine wowote. Mtume Paulo alituagiza tusidharau unabii, na papo hapo akatuagiza tupime yote (1 Wathesalonike 5:20-21).

Afrika ya Kusini, waziri wa afya wa wakati ule aliwasifia wagonjwa wa SIDA vitunguu saumu, limau na bitiruti, na serikali ikachelewa kutoa vidonge. Wachunguzi wa chuo kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kuchelewa huko, kati ya mwaka 2000 na 2005, kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330.000. Kitunguu saumu ni chakula kizuri. Kilichoua ni kukiweka mahali pa dawa.

Tarehe 20 Aprili 2020, rais wa Madagaska alitangaza kinywaji cha artemisia kwa ajili ya Korona, na nchi nyingi za Afrika zikakiagiza. Mwezi wa Julai mwaka ule ule hospitali za Antananarivo zilijaa wagonjwa. Uganda walifanya kwa uangalifu zaidi: mwaka 2021 walikubali dawa ya majani iliyoitwa Covidex, lakini wakaandika wazi kwamba ni ya kusaidia tu, si ya kuponya Korona. Na tangu Septemba 2020 OMS na Umoja wa Afrika walikubaliana namna moja ya kuzipima dawa za miti za Afrika kwa watu, kwa haki ile ile inayotumiwa kwa dawa nyingine. Hilo tunalipenda. Miti yetu haihitaji kusifiwa bure. Inahitaji kupimwa, na wale walioijua tangu zamani wapewe heshima na faida yao. Hapa kwetu, wachunguzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wamekwisha kupita kwa waganga wa miti wa mji huu, wakaandika majina ya mimea yao na kuipima. Mganga anayewafungulia mlango anafanya kazi njema.

5. HATARI ZILIZO KARIBU NASI

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari ya wana wa manabii kule Gilgali. Kulikuwa njaa. Mmoja akaenda porini kuchuma mboga, akaona mmea wa kutambaa, akajaza nguo yake matunda yake, akayakatia chunguni bila kuyajua. Walipoanza kula wakapiga kelele kwamba mle ndani kuna kifo. Tusisahau: hao hawakuwa wapagani. Walikuwa wanafunzi wa Elisha, watu wa maombi, na mchumaji alikuwa na nia njema. Nia njema haikuondoa sumu katika chungu.

Hatari ya kwanza ni udongo wetu. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha mwaka 1911, na moshi wa bomba lake ulianguka miaka mingi juu ya udongo, zaidi upande wa Penga Penga. Wachunguzi wa UNILU na wa Ubelgiji walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine mengi katika mkojo wao. Majani yanashika vumbi na kunywa kilichomo katika udongo, na kuchemsha hakuondoi madini. Basi usichume majani ya dawa karibu na kiwanda, kando ya barabara ya malori ya madini, au kando ya mto unaopokea maji ya viwanda.

Hatari ya pili ni kipimo. Kiganja cha mama mmoja si kiganja cha mwingine, na jani la mvua si jani la kiangazi. Mtoto wa kilo 8 hawezi kubeba kiasi cha mtu mzima. Figo na ini ndivyo vinavyosafisha mwili, na vinaweza kuharibika kimya. Afrika ya Kusini kuna mzizi unaoitwa impila ambao umeua watoto wengi kwa njia hiyo. Tunawaomba wamama kwa upendo: acheni kumtia mtoto mchanga maji ya majani, kwa kinywa au kwa njia ya nyuma.

Hatari ya tatu ni kuchanganya. Anayekunywa vidonge vya SIDA asiongeze dawa ya miti bila kumwambia munganga. Wachunguzi wa Marekani waliona kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza karibu nusu ya dawa moja ya SIDA katika damu. Dawa ikipungua, virusi vinazoea, kama yule mdudu wa malaria.

Hatari ya nne ni kuchelewa, nayo ndiyo kubwa kupita zote. Katika mwaka 2019 surua iliingia nchini mwetu kwa nguvu. Mwanzoni mwa Januari 2020 OMS ilihesabu wagonjwa waliodhaniwa zaidi ya 310.000, na waliokufa zaidi ya 6.000, wengi wao watoto wadogo. Chanjo ya surua ipo, na kwa sheria watoto wanapewa bure. Tunajua kwamba katika makanisa ya manabii kuna wanaokataa chanjo. Tunawaambia ndugu hao: chanjo si bwanga. Inafundisha askari wale wale ambao Mungu aliwaweka katika damu ya mtoto.

6. BASI TUFANYE NINI?

Tunatoa mashauri haya kwa kila jamaa:

a) Mtoto mwenye homa, vipele na macho mekundu apelekwe kituo cha afya siku ile ile, na kikundi kimsindikize kwa maombi. Kule atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, ambayo inalinda macho yake na kupunguza hatari ya kufa. Nyumbani, endelea kumnyonyesha, mpe maji, uji, sombe yenye mafuta ya mawese mekundu, embe na papai. Hapo miti inafanya kazi yake ya kweli: haiui virusi, lakini inalisha askari. Chakula hicho kinafuata vitamini ya hospitali, hakiishiki mahali pake.

b) Kwa mafua na kikohozi chepesi cha mtu mzima, maji ya moto ya mchaichai, tangawizi au limau yanatuliza koo, wala si dhambi. Lakini pumzi ikiwa fupi, au homa ikizidi siku mbili, nenda kupimwa. Usimfukize mtoto kwa sufuria ya maji yanayochemka, kwa sababu anaweza kuungua.

c) Macho yakiwa ya njano, usijaribu majani machungu. Ini lililo mgonjwa halifai kuongezewa mzigo. Pimwa hepatiti, na watoto wachanjwe.

d) Anayetumia vidonge vya SIDA asiache hata siku moja. Akipimwa na kuambiwa virusi havionekani, amshukuru Mungu na aendelee kunywa. Kutoonekana si kutokuwako. Vidonge vimevilaza, na vidonge vikiachwa vitaamka.

e) Mzee, nabii, mwimbaji au mama wa maombi yeyote asimwambie mgonjwa aache dawa ya hospitali. Akiona katika maono kwamba mgonjwa amepona, afanye kama Bwana Yesu. Alipowatakasa wenye ukoma kumi, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, maana sheria iliwapa makuhani kazi ya kuchunguza. Uponyaji wa Mungu hauogopi laboratwari. Mwenye kuponywa aende kupimwa, na munganga ndiye atakayesema dawa ikome.

f) Anayejua majani kwa urithi wa babu yake asifiche. Amweleze munganga ni jani gani mgonjwa alikunywa, kiasi gani, na siku gani. Siri ndiyo inayotufanya tufanane na wafumu.

g) Tunajua kwamba hospitali inalipwa na mfuko ni mtupu, na kwamba wengi wanachemsha majani kwa sababu majani hayaombi pesa. Kwa hiyo kila kikundi kiweke sanduku la wagonjwa. Msamaria hakumwombea tu yule mtu wa njiani. Alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Mwenye kumshauri jirani aende hospitali ajiulize ametia kiasi gani katika sanduku.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kuna tofauti gani kati ya jani na bwanga? Toeni mifano ya kartie yenu.
2. Kwa nini ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona hautoshi kuonyesha kwamba jani linaponya?
3. Isaya alikuwa nabii. Kwa nini hata hivyo aliagiza tini?
4. Wana wa manabii walikosa nini kabla ya kukatia matunda chunguni?
5. Katika lupango yenu kuna mtoto ambaye hajachanjwa? Nani atamsindikiza mama yake, na siku gani?

Ulizo la 5 lisijibiwe kwa maneno tu. Mwandishi wa kikundi aandike majina ya watoto, na Siku ya Bwana inayofuata aulize kila jina kama limekwisha kufika kituo cha afya.

Mungu aliyeumba miti ya mlimani, aliyewapa waganga akili na manabii maono, awalinde watoto wenu. Amina.